Mtoto Asomaye Bila Kuelewa

Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi. Kazi za shamba zimekwisha, taa imewashwa, na mkulima ameketi pamoja na mwanawe wa darasa la tano. Mtoto anasoma kitabu cha shule kwa sauti. Hakosei neno hata moja. Penye mkato anapumzika kidogo, penye nukta anashusha sauti, kama alivyofunzwa. Baba anafurahi moyoni, akiona kwamba fedha zilizokwenda kwa sare na vitabu hazikupotea. Ukurasa ukiisha, anauliza, "Haya, mwanangu, habari hiyo yasema nini?" Mtoto anatazama chini. Baba anauliza tena, safari hii kwa ukali kidogo. Mtoto anakishika kitabu na kuusoma tena mstari wa kwanza, kana kwamba mstari huo ndio jibu.

Siku chache baadaye mtoto yule yule anaiona karatasi juu ya ugonjwa wa kuku uitwao kideri, ambayo baba aliileta kutoka barazani. Herufi zake ni ndogo, na maneno yake ni magumu kuliko yale ya kitabu cha shule. Lakini mtoto ana kuku wake watatu aliopewa na nyanya yake, na kuku wa jirani wamekufa juma lililopita. Anaketi kizingitini, anasoma polepole bila kutoa sauti, anairudia sentensi moja mara tatu, anamwuliza mama yake maana ya neno "chanjo". Kisha anamkimbilia baba yake: "Baba, yasema kuku huchanjwa kabla ugonjwa haujaingia, wakiwa wazima. Wetu bado ni wazima. Tuwachanje kesho!"

Mtoto huyo amelipata neno lililo zito kuliko yote katika karatasi ile, nalo ni "kabla". Kideri hakina dawa ya kukiponya. Chanjo humkinga kuku mzima. Haimsaidii aliyekwisha kuugua. Mtu aweza kuisoma karatasi yote kwa sauti nzuri, lakini neno hilo moja likimpita, atapoteza fedha za chanjo na kuku wake pia. Hapo ndipo ionekanapo tofauti kati ya kusoma na kuelewa.

Basi baba ana haki ya kujiuliza: mtoto huyu ni mzito wa akili au ni mwepesi? Macho yake ni yale yale, na herufi azijuazo ni zile zile. Kilichobadilika ni haja yake. Kitabu cha shule alikisoma ili aumalize ukurasa. Karatasi aliisoma ili aokoe kuku wake. Wazee walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye asiyetaka cha mvunguni, hata akiinamishwa kwa nguvu, hataona kitu.

KAZI ISIYOONEKANA

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akizijua herufi, kuelewa huja kwenyewe. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza jambo hili kwa njia ya hesabu. Walisema kwamba kusoma ni kama jibu la kuzidisha vitu viwili: cha kwanza ni kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na cha pili ni kuielewa lugha yenyewe. Kila mwanafunzi ajua kwamba katika kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, jibu zima ni sifuri. Mtoto asiyejua herufi hatapata kitu katika kitabu, ijapokuwa ana hamu kubwa. Vivyo hivyo mtoto azijuaye herufi zote, lakini maana ya lugha haimwingii, atatoka mikono mitupu.

Tena, kuelewa kwenyewe ni kazi. Msomaji hana budi kuushika mwanzo wa habari mpaka afike mwisho. Hana budi kuunganisha sentensi hii na ile, kuyajaza yale ambayo mwandishi hakuyataja, na kutambua mahali alipopotea ili arudi nyuma. Kazi hiyo haionekani kwa macho, nayo huchosha. Hakuna mtu afanyaye kazi ya kuchosha bila sababu. Mtoto asiye na sababu ataifanya sehemu ile tu ambayo mzazi na mwalimu waisikia kwa masikio, yaani matamshi. Sehemu ya ndani ataiacha. Hasomi kwa ukaidi wala kwa ujinga, bali amelipa deni alilodaiwa na hakulipa zaidi.

Mtoto wa namna hiyo husemwa kwamba anasoma kama kasuku. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kasuku huyo mara nyingi amefunzwa na watu wazima, ambao kila siku humsifu kwa sauti na hawamwulizi maana ila siku ya mtihani.

YALIYOONEKANA KATIKA MAJARIBIO

Mambo haya si maneno ya kukisia tu, maana yamepimwa. Mwaka 1974 huko Marekani, Steven Asher na Richard Markell waliwaonyesha watoto wa darasa la tano picha za vitu mbalimbali, wakawauliza ni zipi ziwapendezazo na ni zipi zisizowapendeza. Baadaye kila mtoto alipewa habari za kusoma: nyingine juu ya mambo aliyoyapenda, nyingine juu ya mambo asiyoyajali. Katika habari hizo maneno kadhaa yalikuwa yameondolewa, na mtoto alitakiwa kuyarudisha kwa kuifuata maana. Katika habari zisizowapendeza, wavulana waliachwa nyuma na wasichana. Lakini katika habari zilizowapendeza, wavulana walisoma karibu sawa na wasichana. Kama wavulana hao wangalipimwa kwa habari za namna ya kwanza tu, watu wangalisema kwamba hawajui kusoma vizuri. Kumbe sehemu kubwa ya upungufu ule ilikuwa upungufu wa hamu.

Jaribio jingine lilitangazwa mwaka 1988 na Donna Recht na Lauren Leslie. Hao waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli, ambao Wamarekani huucheza kwa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia. Wengine kati ya wanafunzi hao walikuwa wasomaji hodari na wengine wasomaji dhaifu. Katika kila kundi walikuwamo waujuao mchezo huo na wasioujua. Baada ya kusoma, kila mmoja aliambiwa aonyeshe yaliyotokea kwa kuvisogeza vinyago vidogo vya mbao juu ya mfano wa uwanja, kisha asimulie. Wasomaji dhaifu waliojua mchezo waliielewa habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua.

Jaribio hilo la pili lilipima ujuzi wa jambo, wala halikupima hamu yenyewe. Hata hivyo, mambo hayo mawili hufuatana kama maji na mfereji. Mtoto apendaye kuku huwatazama kila siku, huuliza maswali, husikiliza wakubwa wakizungumza, na hivyo hujua mengi juu ya kuku. Akikutana na kuku katika kitabu, ujuzi ule humsaidia kuelewa. Na akielewa, hupenda zaidi. Suzanne Hidi na Ann Renninger, walioandika juu ya jambo hili mwaka 2006, walieleza kwamba hamu huanza kama cheche iliyowashwa na kitu cha nje, na ikitunzwa yaweza kukua ikawa tabia ya mtu mwenyewe. Isipotunzwa huzimika.

Hatari ya kuiacha izimike ni kubwa. Mwaka huo wa 1986, Keith Stanovich alionyesha jinsi tofauti ndogo za mwanzoni zinavyopanuka kadiri miaka inavyopita. Mtoto asomaye kwa urahisi husoma mengi, hupata maneno mapya, na kwa hiyo kusoma huzidi kuwa rahisi. Mtoto aonaye kusoma kuwa adhabu hukikimbia kitabu, maneno yake hubaki machache, na kila mwaka vitabu humzidia ugumu. Mtaalamu huyo aliliita jambo hilo kwa jina la Injili ya Mathayo, kwa sababu ya maneno yaliyomo kwamba mwenye kitu ataongezewa, na asiye nacho atanyang'anywa hata kile alicho nacho.

ZAWADI NA FIMBO

Wazazi wengine, wakisikia habari hizi, hukimbilia zawadi. Humwambia mtoto, "Ukisoma kurasa kumi, utapata shilingi." Nia yao ni njema, lakini yafaa waangalie. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo katika shule ya chekechea huko California, ambao walipenda sana kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa hati ya sifa yenye utepe wakichora. Wengine walipewa hati ile ile baada ya kuchora, bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Juma moja au mawili baadaye, wote waliachwa wachague mchezo wautakao. Wale walioahidiwa hati walichora kwa muda uliokuwa kama nusu tu ya ule wa wenzao. Kuchora, ambako zamani kulikuwa furaha, kulikuwa kumegeuka kuwa kibarua. Na mshahara ulipokwisha, kibarua kikaachwa.

Mtoto alipwaye kwa kurasa hujifunza kuhesabu kurasa. Bora zaidi ni kuisifu maana aliyoipata: "Umenifunza jambo ambalo sikulijua." Sifa hiyo humwonyesha kwamba kusoma kuna faida kwa watu, naye hutaka kuirudia.

Ama fimbo, katika shule za Kenya viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na nyumbani pia haifai kukiweka kitabu na fimbo juu ya meza moja. Mtoto mwenye hofu huishughulisha akili yake na mkono wa baba, na haibaki akili ya kutosha kwa habari iliyo mbele yake. Tena atakumbuka kwa miaka mingi kwamba vitabu na machozi vilikuja pamoja.

HAMU SI SUKARI

Kuna wazazi na walimu watakaosema, "Basi watoto wasome hadithi za kuchekesha tu, na masomo magumu yaachwe!" Huko ni kukosea kwa upande wa pili. Tangu mwaka 1913 John Dewey, mwalimu mashuhuri wa Marekani, aliandika kitabu juu ya hamu na juhudi katika elimu, akaikataa desturi ya kulipaka somo sukari ili mtoto alimeze bila kulijali. Kwake yeye, hamu ya kweli ni mtoto kuona kwamba jambo lenyewe lamhusu. Na akiona hivyo, juhudi hufuata. Mtoto wa kuku watatu hakuchekeshwa na karatasi ile. Ilimpa taabu, naye akaivumilia taabu kwa sababu alijua anatafuta nini.

Wengine watauliza, "Je, mtihani utauliza habari za kuku peke yake?" La, hautauliza. Kwa sababu hiyo, kazi ya mzazi ni kuichukua hamu aliyo nayo mtoto na kuipeleka hatua kwa hatua mpaka kwenye mambo asiyoyajua bado. Kwa mfano, kitabu cha shule kina habari ya mto Tana. Mtoto akiambiwa tu, "Soma," ataona majina ya mahali na tarakimu. Lakini aulizwe kwanza: "Tana hupita katika nchi kavu ya Garissa, ambako mvua ni haba. Maji yake yatoka wapi?" Aachwe akisie, hata akikosea. Sasa ana kitu cha kutafuta. Akisoma kwamba mto huo hupata maji yake katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, habari hiyo itakaa, kwa maana imeingia mahali palipokuwa pakiingoja.

Njia hiyo nayo imejaribiwa. Kuanzia mwaka 1993 John Guthrie na wenzake katika jimbo la Maryland, Marekani, waliunda ufundishaji wa kusoma uliofungamana na masomo ya viumbe na mazingira. Watoto waliviona vitu vyenyewe kwanza, wakaandika maswali yao wenyewe, wakachagua vitabu vya kuyajibu, wakasoma na kuzungumza pamoja. Pamoja na hayo walifundishwa waziwazi jinsi ya kuuliza, kutafuta na kufupisha. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba watoto wa darasa la tatu waliofundishwa hivyo walielewa zaidi, na walikuwa na ari zaidi, kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma peke yake.

Katika Kenya pia kuna mfano wa kupeleka vitabu kwa hamu ya watoto. Mwaka 1996 idara ya maktaba za taifa ilianza huko Garissa maktaba ichukuliwayo na ngamia. Ngamia walibeba masanduku ya vitabu pamoja na hema, wakayafuata makao ya wafugaji mbali na mji. Hema likisimamishwa na vitabu vikipangwa, mtoto wa mfugaji aliweza kunyosha mkono mwenyewe na kuchagua. Kuchagua huko si jambo dogo. Mtoto aliyekichagua kitabu amekwisha kujiuliza, japo kwa siri, kuna nini ndani yake.

YALIYO KATIKA UWEZO WA MZAZI

Mzazi hahitaji ngamia wala fedha nyingi. Kwanza, ayasikilize maswali ya mtoto. Mtoto aulizaye kwa nini mahindi ya upande mmoja wa shamba yamegeuka rangi ya manjano amekwisha kufungua mlango, mzazi asiufunge kwa kusema, "Niache, nina kazi." Na amjibu, "Hebu tutafute," kisha watafute pamoja katika karatasi ya afisa wa kilimo, au katika gazeti, au kwa kumwuliza mwalimu.

Pili, mtoto akionyeshwa kitu kabla ya kukisoma, maneno hupata mahali pa kukaa. Atakayesoma juu ya mbegu na apande maharagwe machache katika kopo. Atakayesoma juu ya fedha na apelekwe sokoni, apewe kazi ya kuandika bei.

Tatu, swali liulizwe kabla ya kusoma, lisingoje mwisho. Swali la mwisho humpima mtoto. Swali la kwanza humwongoza. Na akimaliza, asiulizwe tu, "Umeelewa?" maana kila mtoto hujibu, "Ndiyo." Na aambiwe amsimulie mama yake au mdogo wake kwa maneno yake mwenyewe. Msimulizi hawezi kuificha njia aliyoipotea.

Nne, mtoto apewe kazi ya kweli ya kusoma. Karani aweza kumpa mwanawe ratiba ya basi ili atafute saa ya safari ya familia. Mkulima aweza kumpa karatasi ya mfuko wa mbolea ili aseme ni kiasi gani kitiwe, kisha baba ahakikishe. Hata ujumbe wa simu wa bei ya mahindi wafaa. Mtoto akiona kwamba watu wazima walifuata neno alilolisoma, ataanza kuyaheshimu maneno.

Tano, mzazi mwenyewe na aonekane akisoma. Nyumba ambamo kitabu huonekana wakati wa mtihani peke yake humfunza mtoto kwamba kitabu ni kitu cha mtihani. Mzazi asiyejua kusoma asijione hana la kufanya. Hadithi anazozisimulia usiku hujenga lugha ya mtoto, na ile hesabu ya kuzidisha yaonyesha kwamba lugha ni nusu ya kazi.

Mwisho, mtoto akijikwaa kila neno, hamu peke yake haitoshi. Huenda hakuzishika herufi vizuri, au macho yake yana kasoro. Huyo hahitaji hotuba juu ya bidii. Ahitaji mwalimu wa kumrudisha nyuma kwa upole, au mganga wa macho, na mapema, kabla hajajiamini kuwa mjinga.

Jioni nyingine baba yule ataketi tena na mwanawe, na kitabu cha shule kitakuwa mezani kama kawaida. Kabla hakijafunguliwa na amwulize mtoto swali moja, kisha angoje. Mtoto yule yule aliyelipata neno "kabla" katika karatasi ya kuku hatashindwa kuyapata maneno mengine, iwapo kuna mtu aliyemwonyesha kwanza kilichomo mvunguni.